Mwano Nisiouitikia

Shida zangu zilianza mwaka 1974, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Mwaka huo tulihamishwa kutoka kwenye kaya yetu tukapelekwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari kama matuta ya viazi. Baba alikuwa anaumwa kifua, akafa kabla nyumba haijaezekwa. Ndugu zake waligawana ng'ombe wake kama watu wanaogawana nyama ya porini. Mama alibaki na mbuzi, mimi nikabaki na mama. Shule niliiacha darasa la tatu. Sikufukuzwa. Nilikwenda kuchunga ng'ombe wa watu ili tule. Haya ninayoandika nayaandika kwa mkono wangu, na anayeona herufi zangu zimelala upande aje anishikie kalamu.

Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wa kwetu, wakimwona mtu ana bati, lazima waseme kasaidiwa. Mimi sijasaidiwa. Nilibeba marobota ya pamba kiwandani Bariadi mpaka shingo ikawa nene kuliko kichwa. Nilifyatua matofali Binza. Nilichoma mkaa. Baadaye nikanunua baiskeli, nikafunga tenga nyuma, nikawa naleta samaki wa kukaushwa kutoka Lamadi hadi Bariadi, malori yananipulizia vumbi na inzi wananifuata kama ndugu wa mirathi. Kwa tenga hilo nilinunua ndama, nikajenga nyumba ya bati ya kwanza upande wetu wa mto, nikamtoa mama kwenye nyasi. Mama aliishi kwangu tangu siku hiyo, na anakuja sana katika habari hii, kwa hiyo akumbukwe.

Kituo cha samaki kilipojengwa mtoni, mimi nilikuwa tayari mtu wa wajukuu. Walitaka watu wa msimu. Vijana walienda wengi, wakaona maji, wakaona mamba anaota jua ng'ambo, wakakumbuka kwamba wana shughuli nyingine. Mimi nilibaki. Nikaitwa fundi wa msimu. Mvua zikianza naitwa, zikikatika narudi kwenye pamba yangu.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna samaki anaitwa ningu. Anaishi ziwani lakini anazaa mtoni. Mvua zikishika na maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa, anaacha ziwa na kupanda. Nilipokuwa mdogo walipanda wengi, watu waliwachota kwa vikapu. Siku hizi amebaki wa kutafutwa. Kituo kiliweka uzio wa nguzo na waya kukata mto, katikati wakaacha mlango unaoingia kwenye kizimba. Samaki anayepanda anaufuata uzio, anauona mlango, anaingia. Asubuhi tunashuka, tunawatoa mmoja mmoja. Wazazi wachache waliokomaa tunawabakiza, wanakwenda kukamuliwa mayai, vifaranga wanalelewa bwawani na baadaye wanarudishwa mtoni. Wengine wote tunawavusha upande wa juu waendelee na safari yao. Watu wetu mpaka leo wanasema tunawala.

Mkuu wa kituo alikuwa mwanamke mrefu kutoka Ukerewe, mdogo kuliko binti yangu wa kwanza, ambaye kazini hacheki. Siku ya kwanza nilimshika ningu kama nilivyozoea kushika samaki wa tenga. Akanishika kiwiko.

"Mzee, huyu ni mzima. Mkono mkavu kwake ni kisu. Loanisha kwanza."

Sikupenda kuambiwa. Lakini alikuwa anasema kweli, na mtu akisema kweli namsikiliza hata kama simpendi. Alinifundisha kumlaza ningu kwenye beseni lenye mafuta ya karafuu kidogo mpaka alegee. Alinifundisha kupitisha kidole gumba tumboni, kutoka mbele kwenda mkiani, bila kukandamiza. Dume anatoa maji meupe kama maziwa ya kwanza ya ng'ombe. Jike aliyeiva anatoa mayai mwenyewe, usilazimishe. Ukilazimisha umeua mama na watoto. Nilijifunza pia bila kufundishwa kwamba gogogo akiingia kizimbani na miiba yake, mkono wako utamkumbuka wiki nzima.

Mwenzangu wa zamu alikuwa mvuvi wa Nassa aliyechoka na ziwa, mtu wa rika langu, ambaye mdomo wake hauna mlango.

"Ninyi watu wa ng'ombe," alikuwa akiniambia, "mnamshika samaki kama mnavuta ndama anayezaliwa."

"Na ninyi watu wa ziwa mnanuka hata siku ya harusi."

"Harusi yangu walikuja watu mia. Yako walikuja mbuzi."

Huyo ndiye mtu pekee ambaye matusi yake sikuyachukulia hatua.

Sasa mwano. Msomaji asiye wa kwetu aelewe: mwano ni yowe la hatari. Ng'ombe wakiibwa, mtu akivamiwa, moto ukishika, anayeona anapiga yowe, wa jirani anapokea, wa mbele anapokea, mpaka nchi nzima inalia. Kila mwanaume mwenye miguu anaacha alichoshika na kukimbilia huko na fimbo na upinde. Huulizi ni nani anayepiga. Usipokwenda, unatozwa masumule, yaani faini ya nzengo, na nzengo ni kaya zote za upande wenu. Hiyo sheria niliikuta, na mimi mwenyewe nimewatoza watu.

Siku yenyewe jua lilikuwa linawaka. Lakini mvua ilikuwa imenyesha mbali, upande wa Serengeti, na mchana maji yakashuka ghafla, yamebeba mabua, magogo, na mzoga wa mbuzi aliyevimba. Takataka zikalala kwenye uzio, uzio ukaanza kupinda. Kizimbani tulikuwa na majike walioiva, wale tuliokuwa tumewasubiri msimu mzima. Maji yakizidi yanawabana kwenye waya mpaka wanapasuka matumbo. Dawa yake ni moja, kukiinua kizimba kwa kamba, mtu mmoja kila upande, mkilegeza na kuvuta kwa pamoja, huku mkuu akiwatoa samaki kwa wavu wa mpini na kuwatia kwenye pipa. Tulikuwa watatu. Mmoja akiachia, kizimba kinapinduka.

Kamba ilikuwa mikononi mwangu niliposikia mwano. Ulitoka upande wa kaya zetu, ukaja ukipokelewa.

"Wanaita," akasema mtu wa Nassa kutoka ng'ambo.

"Nasikia."

"Si watu wako hao?"

"Vuta kamba."

Mkuu akanyanyua kichwa. "Mzee, kama ni lazima uende, nenda. Nitashika mimi."

"Ukishika wewe, nani atatoa samaki? Shika wavu wako."

Nilibaki. Kamba ilinichuna viganja. Mwano ulipita nyuma yetu, ukazunguka, ukaenda kufia mbali kwenye mbuga. Majike wote walitoka wazima. Tulipomaliza, mtu wa Nassa alikaa kwenye tope akasema, "Leo umeoa samaki." Sikujua kwamba maneno hayo wengine wangeyasema bila kucheka.

Ng'ombe walioibwa siku hiyo walikuwa wa mtemi wa sungusungu mwenyewe, ambaye ndiye kiongozi wetu wa ulinzi. Mtu huyu nimechunga naye tangu ile miaka ya shida. Tumelala zizi moja, tumeiba miwa shamba moja. Wezi waliwavusha ng'ombe wake mtoni, juu kidogo ya kituo, penye kona. Wachache walirudishwa. Wengine waliingia nchi za watu, basi.

Nzengo ikakutana. Watu wote wamekaa chini, mimi nimesimama.

"Ulisikia mwano?" mtemi akaniuliza.

"Nilisikia."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Mzima."

"Ulikuwa na msiba?"

"Sikuwa na msiba."

"Ulikuwa na nini?"

"Kamba."

Watu wakacheka, lakini kicheko kile si cha rafiki. Mmoja akasema, "Ng'ombe za watu zinavuka mto, yeye amekumbatia samaki."

"Nilikuwa kazini," nikasema.

"Hata mwalimu alikuwa kazini. Mwalimu alikuja na chaki mkononi."

Wakaamua nitoe dume mmoja wa ng'ombe. Nikasema sitoi. Niliwaambia kwamba kivuko kile cha kona nimekisema mara nyingi kwamba kizibwe kwa miiba na hakuna aliyenisikiliza, na kwamba hata ningekimbia, ningefika wakati nyayo za kwato zimeshakauka. Wakapiga kelele. Ndipo mtemi akanisogelea, akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, kama tulipokuwa wadogo.

"Nkoi, wazee hawadaiwi mwano. Sema tu mbele ya watu kwamba umezeeka, miguu haina nguvu. Tutakuweka upande wa wazee. Yaishe."

Nkoi ni rafiki. Alikuwa ananipa mlango, najua. Lakini niliutazama ule mlango nikauona mfupi.

"Mimi na wewe tumezaliwa mvua moja," nikamwambia, na sikupunguza sauti. "Wewe siku ile ulikimbia?"

"Nilikimbia."

"Basi na mimi sijazeeka. Nilikuwa nimesimama kwenye maji ya kifua nimeshika kamba. Mwenye kusema nimezeeka aje kesho ashike yeye."

Akarudi nyuma. Uso wake ulifungika pale pale, na mpaka leo kwangu haujafunguka. Wakanitenga.

Kutengwa kwa kwetu si mchezo wa watoto. Hakuna wa kukusalimia. Hakuna wa kukupa moto wala chumvi. Mashine ya kusaga haikusagii. Ukiwa na kazi ya shamba, unalima na mkeo. Ukifiwa, unazika na mkeo. Na yeyote atakayekuja kwako kwa jambo lolote analipa dume vile vile. Si mtu anayetengwa, ni kaya. Kwa hiyo walimtenga hata mke wangu, na hata mama yangu ambaye hata uani alikuwa hafiki bila kushikwa mkono.

Nilipita njiani nikisema "Mwangaluka", watu wakageukia miti kama miti ndiyo imewasalimia. Baada ya muda nikaacha kusema. Mke wangu alibeba mahindi kichwani mpaka mashine ya kijiji cha pili. Vijana wa kulima kwa pamoja, wakifika karibu na mpaka wa shamba langu, waliongeza sauti:

Mume wa ningu, mkeo ana magamba,
Mume wa ningu, wanao wana mapezi.

Na mimi sikukaa kama gogo. Nilikuwa na jembe la kukokotwa na maksai, ambalo nusu ya nzengo ililitegemea kila mvua. Nililifungia ndani. Walime kwa umoja wao. Njia yao ya kwenda mnadani ilipita kwenye shamba langu, nikaiziba kwa miiba ile ile ambayo walikataa kuziba nayo kona ya mto. Walizunguka. Niliwatazama wakizunguka na nikasikia raha, sitaficha.

Aliyeniumiza ni mama.

Mama hakujua miaka yake, lakini alijua misiba yote. Alikuwa mpishi wa misiba. Tangu tulipohamia pale, akifa mtu, mama ndiye aliyeitwa kupima unga na kugawa mboga, maana hakuwahi kuwapendelea ndugu. Sasa alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, anasikia watu wakipita nje bila kuingia.

"Huyo anayepita ni fulani," alikuwa akisema. "Najua kikohozi chake. Mbona haingii?"

Mke wangu alimwambia ukweli, mimi nisingemwambia. Mama akaniita.

"Faini ni nini?"

"Dume."

"Dume unao?"

"Ninao, mayu. Siwapi."

Akajiinua kwa kiwiko. Halafu akasema, "Sikia. Mimi nimewapikia wafu wao wote. Nikifa, nataka waje. Wachimbe wao, wanibebe wao, wale wao. Sitaki kuzikwa na mtu mmoja kama mchawi. Usipowaleta, nitakujia usingizini kila siku, na unajua mimi sichoki."

"Watakuja," nikasema.

"Kwa dume?"

"Kwa vyovyote."

Mke wangu alinisubiri nje. Yeye hakunizungushia maneno. "Sema umezeeka. Neno moja linakuuma nini? Kila asubuhi nakupaka mafuta kiunoni, mimi na kiuno chako tunajua."

"Kiuno ni cha ndani ya nyumba. Kule wanataka niseme uwanjani."

"Basi atakayelala pale bila watu si wewe. Ni mama yako."

Hilo lilikuwa jambo lenyewe. Nilirudi mtoni, kwa sababu mtoni kulikuwa na kazi. Nikawa nawashika ningu na kuwavusha upande wa juu, nawaona wanatikisa mkia na kupotea kwenye maji machafu, wanajua wanakokwenda. Niliwachukia kidogo.

Mama alikufa wakati wa masika, alfajiri, usingizini. Nilikuwa kwenye uzio nikitoa takataka mke wangu alipokuja. Hakulia njiani, maana angelia nani angemwitikia. Alisimama ukingoni tu, na kanga imefungwa kiunoni namna ile wanawake wanavyofunga.

Mkuu wa kituo alimwona kabla yangu. Akapanda ukingoni, wakasemezana, akarudi. Alivua kofia.

"Nenda, mzee. Pole. Leo tunafungua uzio wote, samaki wapite bila kushikwa. Nikimaliza kufunga vitu nitakuja na wenzako tuzike."

Yule mwanamke sikumtegemea kwa neno kama hilo. Nilimshukuru kwa kichwa. Mtu wa Nassa alichukua jembe na koleo la kituo bila kuuliza mtu, akanifuata.

Kwetu mfiwa hachimbi kaburi. Mfiwa anakaa chini, watu wanachimba. Mimi nilichimba kaburi la mama yangu, kwenye udongo mweusi wa mbuga ulionyeshewa, unaoshika jembe kama gundi. Ukiinua, unainua na nchi nzima. Mtu wa Nassa alichimba upande wake, kwa mara ya kwanza hana utani. Tulifika magotini. Kwenye barabara ya juu niliona watu wakipita wakielekea mashambani. Waliona shimo. Walijua. Mmoja alisimama, mwenzake akamvuta shati, wakaendelea.

"Pumzika," akasema mtu wa Nassa. "Sisi wawili tutamaliza. Na wale wa kituo wanakuja."

"Najua tutamaliza."

"Sasa?"

"Hakusema nimalize. Alisema waje."

Nilipanda kutoka shimoni. Nyuma ya zizi langu kuna kichuguu kirefu. Nilipanda juu yake na tope mpaka mapajani, nikaweka mkono mdomoni, nikapiga mwano.

Sikuwa nimepiga mwano miaka mingi, lakini kifua kilikumbuka. Niliupiga mara ya kwanza, nikasikia kimya, kama nchi imeshtuka. Niliupiga tena. Kaya ya jirani ikapokea. Hawakuwa na namna. Masikio ya mtu wa kwetu hayajui kutengwa, yanasikia mwano, miguu inaondoka kabla kichwa hakijauliza ni wa nani. Ukapokelewa ng'ambo ya barabara, ukapokelewa kwenye mpunga, ukashuka mpaka mtoni na kurudi. Halafu nikawaona. Wanakuja wanaume kwa fimbo, kwa pinde, kwa mapanga, mmoja hana shati, mmoja ameshika mfuko wa mbegu alizosahau kuweka chini. Nyuma yao wanawake.

Mtemi alifika kati ya wa kwanza, anahema.

"Wamepita wapi?"

"Hakuna aliyepita."

"Nani ameibiwa?"

"Mimi. Mama amekufa alfajiri."

Akanitazama juu ya kichuguu. Watu waliendelea kufika na kila aliyefika aliulizia nyayo, akaambiwa kwa kunong'onezwa, akashusha fimbo.

"Umepiga mwano kwa ajili ya msiba," mtemi akasema.

"Msiba wangu mmeukataza. Mwano hamkuukataza."

Kijana mmoja akasema nishushwe nichapwe hapo hapo. Mwingine akasema turudini, huyu ametengwa, hatukumwona. Nikacheka, na nilicheka kwa ubaya.

"Mtarudi mkiwa mmeshakuja," nikawaambia. "Kila aliyesimama kwenye uwanja huu amekuja kwa mtu aliyetengwa, na faini yake ni dume. Mwenye kutoza aanze na wa kushoto kwake, akimaliza ajitoze mwenyewe. Au semeni kwamba hamkutakiwa kuja. Semeni kuanzia leo mwano unachagua nyumba. Usiku huu wezi watafurahi."

Mtemi alikuwa anatafuna shavu lake kwa ndani, jambo alilofanya tangu utotoni akibanwa. Sijui angesema nini. Hakupata nafasi, kwa sababu mke wangu alifungua mlango, na wanawake wakaona mkeka aliolazwa mama. Bibi mmoja, ambaye mama alimpikia msiba wa mume na misiba ya watoto wawili, akaangusha kuni alizokuja nazo mkononi kama silaha, akalia. Wa pili akapokea. Kilio nacho kinapokelewa kama mwano. Kikishaanza, ni msiba, hakuna mtemi wa kukirudisha mdomoni.

Niliteremka, nikarudi shimoni, nikashika jembe. Sikutaka waone mikono yangu imekaa. Nilipiga mara chache, udongo ukashika, nikashindwa kuinua. Nikavuta tena. Kivuli kikasimama juu yangu.

"Toka humo," mtemi akasema. "Kazi hii si ya mtu wa umri wako."

Kila mtu alisikia. Watu wote walinitazama, wakingoja nitakachojibu. Niliangalia nyumba, nikaona wanawake wameshajaa mlangoni, mmoja anaulizia ungo wa kupimia unga.

Sikujibu. Nilimpa jembe, nikatoka, nikaenda kukaa chini kama mfiwa. Hilo tu ndilo walilolipata kwangu.

Walichimba vizuri, siwezi kusema vingine. Mkuu wa kituo alipofika na wenzangu kaburi lilikuwa limekwisha. Mama walimbeba wao. Wakala wao. Mtu wa Nassa alikaa katikati yao akiwaambia kwamba watu wa ng'ombe wanapika ugali mgumu wa kujengea nyumba, na waliomba aongeze.

Kabla watu hawajatawanyika, mtemi alisimama mbele yangu.

"Mwano wa uongo una faini."

"Naijua."

"Dume."

"Zizi lile. Chagua mwenyewe."

Alichagua yule mweusi mwenye baka jeupe begani. Nilikuwa nimemlea mwenyewe tangu akiwa ndama, alikuwa anaitikia mluzi wangu. Mtemi alijua, ndiyo maana alimchagua. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Alichinjwa siku ya kumaliza matanga, na mimi nilikula.

Faini hiyo nililipa kwa sababu nilifanya. Niliwadanganya nikijua. Ile ya kwanza sikulipa na sitalipa, kwa sababu nilikuwa kazini. Hakuna aliyeiulizia tena, maana atakayeiulizia ataulizwa na yeye siku ile alifuata nini kwangu. Watu walianza kunisalimia mmoja mmoja, kwa aibu, wakiangalia pembeni. Baadhi niliwaitikia. Mimi na mtemi hatusalimiani. Tukikutana njiani, anakohoa, nakohoa, tunapita. Mama hajawahi kunijia usingizini.

Msimu uliofuata kituo kiliniita, nikaenda. Kona ya mto imezibwa kwa miiba. Sijui ni nani aliyeziba.

Leo nina nyumba ya bati yenye vyumba vinne na stoo ya mahindi. Nina shamba la pamba na majaruba ya mpunga. Nina ng'ombe wa kutosha zizi, pungufu mmoja. Nina maksai wanne na jembe lao, ambalo nalitoa kwa wote isipokuwa mtu mmoja. Nina baiskeli ile ile, haina breki. Nina mke, na chupa ya mafuta ya kiuno. Nina kazi ya msimu, mvua zikinyesha. Nina kaburi la mama, nimelijengea saruji.